Mwalimu wa Machinjioni

Mwanamke aliyeosha utumbo machinjioni kwetu tulimwita Mwalimu, kwa sababu aliwahi kufundisha fasihi, mpaka mumewe alipokwenda kufanya fujo darasani na shule ikamwachisha kazi. Saa ya chai tulikalia ndoo zilizopinduliwa, damu haijakauka mikononi, naye akatuzungumzia vitabu vikubwa. Alianza na vita vya watu wa kale walioandika kwenye vibao vya udongo, akaja kwenye tenzi, tamthilia, hadi riwaya za juzijuzi. Kila kisa alikimalizia kwa swali.

"Mfalme kamchinja nduguye mbele ya baraza zima. Nani mkosaji?"

Tulibishana mpaka mishipa ya shingo ikatutoka. Mimi, mchuna ngozi, ndiye niliyekuwa na mdomo kuliko wote.

"Wanabaraza!" nilifoka. "Wanaume wazima wamekaa kama magunia! Ningekuwepo mimi, pangechimbika."

Mwalimu alicheka. "Haya, shujaa, kunywa chai yako."

Siku moja tukiwa katikati ya riwaya, mumewe aliingia bila salamu. Alimkamata nywele, akampigiza uso kwenye ukingo wa beseni. Nilisikia meno yakivunjika.

"Unawapigia wanaume hadithi, nyumbani anapika nani?"

Akampiga teke la tumbo, la mbavu, tena la mbavu. Mwalimu alitapika damu, kisha akainua kichwa na kututazama mmoja mmoja. Tulikuwa kumi na mmoja, kila mtu na kisu kiunoni. Msimamizi wetu alinong'ona, "Mambo ya mke na mume hayo. Shika jembe ukalime." Mimi nilitazama kikombe changu. Naona haya kusema, lakini ndivyo nilivyofanya.

Alijiokoa mwenyewe. Alipapasa sakafuni, akapata kulabu ya nyama, akaikita kwenye paja la mumewe na kuivuta kwa nguvu zote. Nyama ilichanika mpaka gotini. Yule bwana alitoka akipiga mayowe na kuburuta mguu, na hakuonekana tena.

Mwalimu alirudi baada ya wiki tatu, meno manne hana, akipumua kwa shida. Tulipindua ndoo harakaharaka, mmoja akampangusia ya kwake kwa shati.

"Mwalimu, tuliishia wapi vile?" nikamuuliza kwa upole wa mkwe.

Hakukaa.

"Leo simulieni nyinyi," alisema. "Anzieni pale nilipowatazama."

Huu ni mwaka wa pili, na hakuna aliyeanza.