Mtani Aliponyamaza

Asia alijua kwamba watu wamekwisha kumzika siku ile Filomena alipompa kiti.

Ilikuwa asubuhi ya mawingu, sokoni mjini Morogoro, chini ya upenu ambapo Asia aliuza tangawizi na majani ya maboga kutoka mlimani, na Filomena, ubavuni pake, aliuza mchele wa Turiani. Walikuwa majirani wa soko tangu watoto wao wakinyonya. Asia ni Mluguru, Filomena ni Mzigua, na makabila hayo mawili ni watani. Kwa hiyo miaka yote hiyo hawakuwahi kuitana kwa majina.

"Mluguru, umefika? Nasikia jana mwenzenu kaanguka kutoka shambani kwake, kaokotwa barabarani huku Bigwa."

"Mzigua, ondoa miguu hapo. Tope la mpunga linanichafulia mboga."

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao. Mteja mgeni alidhani ni ugomvi, akasogea pembeni, na wao wakacheka mpaka mchele ukamwagika.

Siku ile Asia alikuwa anafika sokoni kwa mara ya kwanza tangu alipokatwa titi. Alikuwa amefunga kilemba chini, karibu na nyusi, ili kichwa kisicho na nywele kisionekane. Filomena alipomwona, alisimama. Akakifuta kiti chake kwa ncha ya kanga, akakisogeza.

"Karibu dada Asia. Kaa upumzike. Pole sana, dada yangu."

Asia alibaki amesimama. Alikuwa anangoja tusi. Lilipochelewa, akaona alianze yeye.

"Mzigua, mchele wako leo una mawe, au umeyala mwenyewe njiani?"

Filomena akatabasamu kama mtu aliyeko kanisani, akainamisha macho. "Mungu ni mwema, dada," akasema taratibu.

Basi Asia akakaa. Mahali pake pa kupangia tangawizi palikuwa pamefagiliwa, pasafi, hakuna aliyeweka hata fungu la mchicha. Walikuwa wamemhifadhia, kwa wema kabisa. Lakini yeye alipopatazama aliona mahali pa mtu asiyerudi.

Ule uvimbe aliuona mwaka uliopita, masika, akioga. Alidhani ni uchovu wa kubeba tenga. Akanyamaza nao, akapanda nao mlima, akashuka nao, mpaka ngozi ilipoanza kuvutika kama kitambaa kilichoshonwa vibaya. Daktari aliyempima alikuwa binti wa rika la Nasra, mwanawe. Akamwambia, mama, hii ni saratani ya titi. Alilitamka neno hilo kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja jina la mtaa. Baada yake hakuna aliyelitamka tena.

Baada ya operesheni Asia alikaa Kihonda, nyumbani kwa Nasra, ambaye alikuwa fundi cherehani kiwandani. Huko majirani walisema "ule ugonjwa". Wengine walisema "mambo ya mama". Kikombe chake kilioshwa peke yake na kufunikwa peke yake, ingawa daktari alisema wazi kwamba saratani haiambukizi. Kipindi cha afya kikianza redioni, Nasra alipunguza sauti. Usiku Nasra aliingia bafuni, akafungulia bomba, akalia ndani ya sauti ya maji. Asia, mchana, alimenya vitunguu ambavyo hakuna aliyevihitaji, naye akalia ndani ya vitunguu. Mama na mwana, kila mmoja na maficho yake, wakikutana mezani macho mekundu na kuulizana kama chai ina sukari.

Dripu za dawa walizifuata Dar es Salaam. Kila akirudi, ulimi ulikuwa kama umelamba chuma, na harufu ya mafuta ya kukaangia ilimkimbiza uani. Nywele alizikuta kwenye mto, asubuhi moja, akazikusanya na kuzifunga kwenye gazeti, kisha hakujua azipeleke wapi. Hayo yote aliyabeba. Lililomshinda ni ile huruma. Kila mwenye huruma alikuja akamwondolea kitu kimoja mkononi: huyu ndoo, yule ufagio, mwingine mwiko. Na sasa Filomena amekuja kumwondolea hata matusi.

Dripu nyingine ilikuwa Jumanne. Alipoinuka kwenye kiti cha Filomena, Asia hakurudi Kihonda. Alichukua bodaboda mpaka njia ilipoishia, kisha akapanda kwa miguu kwenda Towelo, kwenye ardhi ya ukoo wa mama yake. Alipanda kama mtoto anayejifunza kutembea, akishika migomba.

Kaka yake, Idrisa, alikuwa anapalilia maharage kwenye matuta. Akaegemea jembe.

"Umekuja kutembea, au umekuja kukaa?"

"Nimekuja kukaa, kaka."

"Na Jumanne?"

"Jumanne siendi."

Idrisa hakubishana. Alipasua kuni, akampisha chumba chake, akampigia simu Nasra akiwa amesimama mbali. Kesho yake Asia alitoka nje kuota jua, akamwona anafyeka majani kwenye kaburi la mama yao. Alipomaliza kaburi aliendelea kufyeka pembeni, mahali ambapo hapakuwa na kaburi.

"Nitapanda mihogo hapa," Idrisa akasema bila kugeuka.

Asia hakuwa amemwuliza. Akarudi ndani, akalala ameelekea ukuta. Ukungu ukashuka, ukaingia dirishani bila hodi, na siku mbili zikapita hivyo, hajui ni asubuhi au ni jioni, wala hana haja ya kujua.

Jumatatu, kabla ya adhuhuri, alisikia mtu anahema nje.

"Shikamoo kaka Idrisa. Hivi hii njia ni ya watu au ya nyani?"

"Marahaba. Ni ya Waluguru."

"Si ndivyo nilivyosema."

Filomena aliingia amelowa jasho, matope mpaka magotini. Maisha yake yote aliapa hatapanda mlima ule. Hakusema pole. Alivua ndala, akamtazama Asia, kisha akajinyoosha kwenye mkeka kando yake, akavuta nusu ya kanga, akajifunika mpaka kidevuni na kukunja mikono kifuani.

"Mzigua, unafanya nini?"

"Nimelala kaburini."

Waluguru wanaujua mchezo huo. Siku ya maziko mtani anaweza kurukia ndani ya shimo, akalala, akakataa kutoka mpaka wafiwa wampe fidia. Na watu hucheka huku machozi yanawatoka, na kicheko hicho huwapa nguvu ya kumalizia kazi ya siku ile. Lakini hufanywa kwa aliyekufa. Hakuna aliyewahi kumfanyia mtu anayepumua.

"Siku yenyewe ikifika, magoti yangu hayataweza kushuka shimoni," Filomena akaiambia dari. "Kwa hiyo nimewahi. Nipeni fidia yangu nitoke."

Idrisa alikuwa amesimama mlangoni. "Inuka hapo. Huyu yu hai. Utani wa msiba haufanywi kwa mtu aliye hai, hilo hata Wazigua mnalijua."

"Na wewe kule pembeni ya kaburi la mama yenu, unamfyekea nani? Nimepaona nikipita."

Idrisa akageuka. Akaenda jikoni, wakamsikia anahamisha masufuria ambayo hayakuwa na haja ya kuhamishwa.

Asia aliinuka, akaketi. Hasira ilimpanda, na hasira yenyewe ilimshangaza, kwa sababu alidhani imekwisha pamoja na nywele.

"Ulinipa kiti."

Filomena aliendelea kutazama dari.

"Niliogopa," akasema. "Mama yangu alikufa kwa kansa. Ya kizazi. Nilipoona kilemba chako nikamwona yeye, ulimi ukaganda. Nikajiambia, nikimtukana leo, akafa kesho, tusi hilo nitalipeleka wapi?"

"Na ukinihurumia leo, nikafa kesho?"

"Hilo nalo nimelifikiria. Mlima wenu unampa mtu nafasi ya kufikiri, maana pumzi ya kusema haipo."

Asia akacheka. Hakukusudia. Kicheko kilivuta kovu, kikamchoma, akashika kifua pale ambapo palikuwa na titi, na kabla hakijaisha kikageuka kilio. Alilia kwa sauti, bila bomba, bila vitunguu. Filomena hakumwambia nyamaza, hakumwambia Mungu ni mwema. Aliendelea kulala kaburini mwake, akamshika kifundo cha mguu.

"Nina kansa, Mzigua."

"Najua."

"Naogopa. Sijui kama dawa itafaa kitu."

"Mimi ndiyo sijui kabisa. Mimi najua mchele."

Nje ukungu ulikuwa umeziba hata migomba ya karibu. Idrisa alileta chai, akaiweka chini kati yao, akakaa kizingitini, mgongo kwao.

"Fidia yangu," Filomena akasema, "ni safari ya kesho. Nasra kaniambia hutaki kwenda. Twende wote, na yeye. Sikwambii utapona. Nakwambia usiponilipa silali kwangu tena. Nitalala hapa, Mluguru na Mzigua mkeka mmoja, na mimi nakoroma."

Asia alikunywa chai. Ilikuwa na ladha ya chuma, kama kila kitu siku hizo. Alifikiri juu ya sindano, juu ya ndoo ya kutapikia, juu ya vile atakavyoumwa mpaka Ijumaa, pengine zaidi. Akafikiri na juu ya ile sehemu iliyofyekwa. Akaweka kikombe chini.

"Huu mlima," akasema mwishowe, "utaushuka vipi na makalio hayo?"

Filomena akatupa kanga, akaanza kutafuta ndala zake.

Alishuka akiteleza, nusu ya njia ameketi, na Idrisa nyuma yao akibeba begi na kujizuia asicheke. Nasra aliwapokea chini, macho yamevimba. Asia akamshika mkono.

"Ukitaka kulia, mwanangu, lia mbele yangu. Bomba liache lipumzike."

Nasra akalia palepale, mbele ya vijana wa bodaboda.

Jumanne, Dar es Salaam, chumba cha dripu kilikuwa na watu wale wale, kilemba kwa kilemba, ndoo kwa ndoo. Asia alikaa mahali pake pa kawaida. Kiti cha jirani kilikuwa kitupu. Safari iliyopita alikaa hapo mama mmoja wa Ngerengere, wakabadilishana tangawizi ya kutuliza kichefuchefu, na yule mama akasema tutaonana.

"Yule mama wa Ngerengere amekuja?" akamwuliza muuguzi.

Muuguzi aliitazama dripu, akaigonga kwa ukucha ingawa ilikuwa inatiririka vizuri. "Hajaja, mama," akasema, akaondoka.

Nasra akauma kanga yake. Filomena, aliyekuwa ameongea tangu stendi ya Msamvu, akanyamaza. Ukimya ule ule wa sokoni ukaingia chumbani, ukavuta kiti kile kitupu, ukakaa. Asia aliusikia unamsogelea, pamoja na ubaridi wa dawa unaopanda mkononi taratibu, kiwiko, bega.

"Mzigua."

"Naam."

"Sema kitu."

Filomena akamgeukia. Macho yake yalikuwa yamejaa, lakini sauti aliivuta kutoka alikoivuta, ikaja.

"Niseme nini? Namhurumia muuguzi. Mkono wako umekauka kama tangawizi ya mwaka jana, hata sindano iliogopa kuingia."

"Endelea," Asia akasema, akafumba macho.