Mwezi wa Baba na Kwasari Zangu

Baba hakulipenda neno "huenda". Katika shughuli yake halikuwa na nafasi. Kila mwezi wa Kiislamu unapofika siku ya ishirini na tisa, yeye na wanaume wengine wa mtaa wetu hapa Msambweni hutoka jua linapotua kuangalia mwezi mwandamo, na anayeuona husimama mbele ya imamu akasema, "Nimeuona." Hasemi amedhani, wala hasemi kuna kitu kama mwezi. Baba alikuwa shahidi wa namna hiyo tangu mimi sijazaliwa, na watu wakifunga na kufungua kwa kauli yake.

Mimi nilirudi nyumbani kutoka chuoni Nairobi katikati ya Rajabu, nikiwa na kompyuta iliyojaa huenda tupu. Masomo ya darasani yalikuwa yamekwisha, imebaki tasnifu, na tasnifu haichagui meza. Nikajiwekea yangu barazani, mahali mtandao unaposhika vizuri.

Kazi yangu ni kutafuta kwasari za mbali. Mama aliniuliza siku ya kwanza kwasari ni mdudu gani. Nikamwambia ni kitovu cha galaksi, kundi kubwa la nyota, ambamo shimo jeusi linavuta gesi na kuimeza, na gesi ile kabla haijamezwa hupata moto ikang'aa kuliko nyota zote zinazoizunguka. Mama akasema hata yeye hung'aa hivyo akikaanga sambusa mwezi wa Ramadhani, na hakuna aliyewahi kuja na darubini. Kisha akaniletea chai.

Baba alikuwa akikaa nami pale barazani kila baada ya swala ya alasiri, tasbihi mkononi. Kioo cha kompyuta hakukiona. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, na daktari wa hospitali alikuwa amemwambia mapema kwamba yanafaa kufanyiwa upasuaji, tena si upasuaji mkubwa. Baba alijibu kwa heshima zake zote kwamba atakwenda inshallah, akarudi nyumbani, na mambo yakaishia hapo. Mimi nina hasira za karibu. Nilipofika tu nikamkabili, tukagombana, akanyamaza kimya chake kile cha adabu ambacho hukushinda kuliko matusi.

Kwa hiyo tukawa tunazungumza kwasari, maana macho hayakuzungumzika. Nilimweleza kwamba kuna darubini za redio zilizokwisha kupekua anga zikatuachia ramani yenye nukta nyingi mno, kila nukta ni kitu kinachotoa mawimbi ya redio. Halafu kuna darubini za mwanga zilizopiga picha za anga hiyo hiyo kwa vichujio vya rangi: ya buluu, ya kijani, nyekundu, na moja ya mwanga ulio nje ya wekundu, ambao sisi hatuuoni kabisa. Mimi nachukua nukta ya redio, nafungua picha za mahali pale pale, moja baada ya nyingine. Nikikuta kitu kwenye picha ya buluu, napita, si changu. Ninayoitaka ni ile isiyoonekana kwenye buluu, wala kijani, wala nyekundu, kisha inajitokeza kwenye picha ya mwisho. Mwanga wa kitu cha namna hiyo ulianza safari kabla jua letu halijakuwapo. Njiani umenyooshwa ukawa mwekundu, na sehemu yake ya buluu imemezwa na gesi iliyotanda kati yetu nacho.

"Yaani unatafuta kwa kutoona," Baba akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Na kama picha yenyewe ni mbovu?"

"Basi kutoona kwangu hakuna maana. Picha yenye ukungu isipoonyesha kitu haijasema lolote. Sharti iwe safi, ndipo uwazi wake niutegemee."

Alifumba macho, tasbihi mkononi, nikadhani amesinzia.

Mama ndiye aliyeninong'oneza jikoni kwamba kuna jambo. Tangu mwezi wa Rajabu uandame, Baba alikuwa amesema haendi tena kuangalia mwezi. Eti goti linamsumbua. "Na goti hilo hilo laenda msikitini mara tano kwa siku," Mama akasema. Watu walidhani amekasirishwa na yale mabishano ya kila mwaka, nani afuate mwezi wa wapi. Tena Ramadhani ilikuwa inakaribia, na mwandamo wake ndio alioupenda kuliko yote. Mama alikuwa na hofu, nami nikaingia hofu. Mtu akiacha kitu alichokipenda maisha yake yote, wa nyumbani hawapati usingizi.

Wakati huo nilikuwa na kwasari yangu moja. Nilikuwa nayo kama mtu anavyokuwa na posa. Redio ilikuwapo, picha tatu zilikuwa tupu, na ya nne ilikuwa na nukta nzuri iliyokaa katikati. Nilimwandikia mwalimu wangu bila huenda hata moja, naye akaomba darubini kubwa iuchambue mwanga wake. Jibu likaja Jumatatu moja baada ya alasiri. Haikuwa kwasari. Ilikuwa kinyota baridi cha humu humu katika galaksi yetu, jirani kabisa, chekundu kwa sababu hakina moto wa kutosha. Ile redio ilikuwa ya kitu kingine kilichoko nyuma yake, kimesadifu tu kuwa mstari mmoja nacho.

Nikaifunga kompyuta kwa kishindo.

"Imevunjika?" Baba akauliza.

"Haijavunjika. Nimekosea mimi. Nilisema kitu ni cha mbali, kumbe ni cha hapa hapa."

"Ulikuwa umeshawaambia watu?"

"Wote."

"Wamesemaje?"

Nikaifungua tena nikamsomea. Mwalimu wangu aliandika pole, akasema vinyota hivyo vimewadanganya wengi, kisha akauliza nyingine nitamtumia lini.

"Basi?"

"Basi, Baba. Nyingi huanguka, moja moja husimama. Ndiyo kazi ilivyo."

Gari moja likapita barabarani, likafuatwa na jingine. Kisha Baba akasema, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei, "Mwezi wa Rajabu niliuona peke yangu."

Nikamgeukia.

"Niliuona, mwanangu. Mweupe, umepinda, uko juu kidogo ya minazi. Nikawaonyesha. Vijana wenye macho yao wakaangalia, hawakuona kitu. Imamu hakunivunjia heshima, alinishukuru, akasema tukamilishe thelathini. Nikarudi zangu nikijua wao ndio vipofu. Nilipofika dukani kununua mkate, nikainua uso. Mwezi ule ule ukawa juu ya taa ya duka."

Nikamshika mkono.

"Ni jicho, Baba. Si wewe."

"Jicho la nani?" akaniuliza.

Hapo nikaelewa kwamba haogopi kisu peke yake. Alikuwa amesimama mbele za watu akasema "nimeuona," na alichokiona kilikuwa ndani ya jicho lake mwenyewe.

"Na wakilikata nikapoteza hata ukungu huu nilio nao?"

Nilitaka kumwapia kwamba ataona. Nikamtazama, nikashindwa. "Sijui, Baba. Daktari anasema wengi huona vizuri. Mimi siwezi kukuapia. Naogopa kama wewe."

Aliitikia kwa kichwa, polepole. Nadhani lau ningeapa angekataa.

Walimfanyia jicho moja mwanzoni mwa Shaaban. Siku ya kufunguliwa bandeji Mama alivaa leso mpya na kujipaka wanja, akakaa mbali kidogo na kitanda kama mgeni. Alikuwa na wasiwasi, maana uso wake wa sasa Baba hakuwa ameuona vizuri kwa muda mrefu. Muuguzi alipoondoa pamba, Baba alimtafuta kwa jicho lile moja mpaka akampata.

"Nimezeeka?" Mama akauliza.

"Sogea," Baba akasema. "Bado sijashiba."

Muuguzi akajifanya anatafuta mkasi.

Siku ya ishirini na tisa ya Shaaban Baba alichukua kofia yake akatoka jua likiwa bado halijatua, wala goti hakulitaja. Mimi na Mama tulibaki na sufuria za daku, hatujui kesho tunafunga au la, tuwashe jiko au tusiwashe. Nilijua akirudi amevunjika tena, hatatoka nyumbani tena kwa ajili ya mwezi, na pengine kwa ajili ya jambo jingine lolote. Mama alipanga na kupangua vikombe. Sikuweza hata kufungua kompyuta.

Alirudi giza limeshaingia. Mama alimwahi mlangoni.

"Umeandama?"

Baba alivua viatu kwanza. "Kijana mmoja amesema anauona juu ya minazi. Watu wakaanza kushangilia. Imamu akawanyamazisha, akanigeukia mimi, akaniuliza. Nikaangalia, nikaangalia. Nikamwambia haupo. Yule kijana naye akaangalia tena, akasema kweli, kilikuwa kiwingu."

"Una hakika, bwana wee?" Mama akasema. "Watu wasije wakala kesho mchana kwa ajili yako."

"Mke wangu," Baba akasema, "nimeyaona makuti ya ile minazi, kuti moja moja."