Ukalimani wa kambini ulivyomvunja mwenzetu, na mwajiri akatuletea bonanza la kuondoa stress

Wakuu, salaam kutoka Kasulu.

Huku mvua inapiga, umeme unakuja na kuondoka, na mimi nina hasira. Nikikosea uandishi mnivumilie. Ninachosimulia nilikuwepo, chumvi sijatia. Shirika silitaji na majina nimebadilisha, kwa hiyo msinifuate PM kuuliza.

Mimi ni mkalimani. Muha wa hapa hapa. Kiha na Kirundi ni ndugu, ndiyo maana mashirika yanayohudumia wakimbizi wa Burundi yanatuchukua sisi. Afisa anauliza kwa Kiswahili, nageuza Kirundi. Mkimbizi anajibu, narudisha Kiswahili.

Watu wanadhani ni kazi ya kukaa kivulini na kusubiri posho. Sikilizeni sasa.

Utaratibu wetu ni kwamba mkalimani anasema kama yule anayesema. Huruhusiwi kusema "mama huyu anadai mumewe aliuawa." Unatakiwa useme "waliniulia mume wangu." Unasema mimi. "Mimi nilijificha kwenye migomba, nikamsikia anavyolia." Afisa anamwangalia mama wa watu, lakini maneno yanatoka kinywani mwako wewe.

Ukimaliza huyo anaingia mwingine. Hata kutoka nje kunawa uso hakuna.

Sasa kuna dada mmoja, tumwite Adela. Kwao Kibondo, kaolewa hapa Kasulu na mwalimu wa shule ya msingi, Baba Jofrey. Kwenye timu yetu mwanamke alikuwa yeye peke yake. Na wakimbizi wanawake, kwa haki kabisa, hawataki kusimulia mambo yao mbele ya mwanaume. Kwa hiyo zile habari nzito zote zilipita kwake. Mnanielewa ninaposema nzito.

Sisi wanaume siku nyingine tuliangukia kesi ya ng'ombe walioporwa, tukapumua. Yeye hakuwa na siku ya ng'ombe.

Adela alikuwa mtu wa utani, ukipita karibu yake lazima ucheke. Akaanza kunyamaza. Chakula cha mchana anakisogeza pembeni. Ukimwita anashtuka.

Tukaenda kwa meneja, kijana wa kutoka Dar. Hatukuomba gari wala nyumba. Tuliomba kupumzika kidogo kati ya mtu na mtu, aajiriwe mwanamke wa pili wa kupokezana na Adela, na tuwe na mtu wa kuongea naye. Washauri nasaha wapo ofisini pale pale, mlango wa pili, ila ni wa wakimbizi tu. Sisi haturuhusiwi. Yaani una njaa, umekaa jikoni, na sahani siyo yako.

Meneja akacheka. "Jamani, nyie mnatafsiri tu. Hayo maneno siyo yenu."

Halafu akasema tusijali, suala la stress wamelichukua kwa uzito na kuna kitu kinakuja.

Kilichokuja ni bonanza.

Jumamosi, siku yetu ya off. Kutokuja ni utovu wa nidhamu. Fulana zimechapishwa, kuvuta kamba, kufukuza kuku, na mwezeshaji mgeni anayeongea Kiingereza kitupu. Walinzi na wafanya usafi wamfuateje? Wakamsimamisha Adela atafsiri! Juani, siku yake ya kupumzika, anatangaza, "Mimi nikichoka huwa nafumba macho, navuta pumzi, nawaza ufukwe." Mtu wa Kibondo, ufukwe gani jamani?

Picha zikapigwa, zikatumwa makao makuu. Ripoti ikaenda kwamba wafanyakazi wamehudumiwa.

Wiki iliyofuata Adela aliishiwa nguvu katikati ya mahojiano. Alikuwa anatafsiri, akanyamaza, akashika meza kwa mikono miwili. Mimi na dereva tukamkimbiza hospitali. Baba Jofrey tulimpigia simu, akatukuta pale na chaki bado mikononi.

Tukaingia wote kwa daktari, mdada mpole tu. Akamuuliza, "Pole mama. Nini kinakusumbua?"

Adela akajibu kwa sauti ile ile ya kazini. "Waliniulia mume wangu. Walimtoa ndani, mimi nasikia kila kitu."

Daktari akaweka kalamu chini. "Pole sana mama yangu. Ilikuwa lini?"

Baba Jofrey amekaa hapo hapo pembeni, kamshika mkono.

"Mama Jofrey," akamwambia, "mimi si huyu hapa? Niangalie."

Adela akamwangalia. Hakubisha. Akaendelea kumweleza daktari walivyomzika.

Wakuu, nilitoka nje nikalia, mwanaume mzima. Dereva akajifanya anakagua tairi ambalo halina shida.

Mnadhani ofisi ilishtuka? Kwenye kikao meneja akasema Adela kashindwa kutenganisha kazi na maisha, hana weledi, na mkataba wake ukiisha hauendelei. Akaomba tuendelee na ajenda.

Nikasimama. Nikamwambia, "Bosi, tusaidie kitu kimoja. Sema kama tunavyosema sisi, mara moja tu: walimuua mke wangu."

Uso ukambadilika. Akasema namtukana, namchuria mke wake kifo, nitoke nje.

Sentensi moja, tena hata hajaitamka, keshaona anachuriwa! Adela alikuwa akizisema kutwa nzima, kila siku ya kazi, halafu eti hana weledi.

Niliambulia onyo. Sijutii.

Waajiri mliomo humu, nawaambia bila kupepesa. Stress ya mfanyakazi wako usiitafute kichwani mwake, itafute kwenye ratiba uliyompangia. Mwongezee mtu wa kupokezana naye. Mpe nafasi ya kupumua, na siku yake ya off usiiguse hata kwa fulana ya bure. Akija kukwambia kachoka, muulize anachoshwa na nini kisha kiondoe hicho. Kuku wenu bakini nao.

Manesi, askari, walimu wa huku pembezoni, najua mna yenu. Yamwageni hapa, tusomane.

Ila wewe uliyekwisha kuandaa ile comment ya "shukuruni hata mna ajira," ngoja kwanza. Juzi Baba Jofrey alichelewa kutoka shule kwa sababu ya mvua. Alipofika kwake alikuta majirani wamejaa uani, na mkewe amekaa chini kajifunga kanga, anapokea pole za msiba. Yeye kasimama mlangoni na baiskeli yake, analowa, anatafuta pa kuanzia kuwaeleza watu kwamba hajafa.

Nenda kamwambie yeye hayo ya kushukuru.