Shemegi yangu alihesabu utabiri wa vimbunga kama mabao, dada yangu akaenda na maji

Wakuu, salaam kutoka Mabela, Maskati.

Haya nnayoandika nilikuwemo ndani yake, sikuhadithiwa. Skuli sikufika mbali, mkiona nimekosea maandishi rukeni mwende mbele.

Msimu ule wa vimbunga tulitangaziwa mara tatu.

Mara ya kwanza tukaambiwa kimbunga huenda kikatupiga. Skuli zikafungwa, maji ya chupa yakagombaniwa madukani. Mwisho kikageuka kusini. Kwetu hata nguo kambani haikutikisika.

Mara ya pili kikafia baharini. Tukapata vumbi.

Hapo ndo akaingia Harith. Huyu ni mume wa dada yangu Zuwena, wanakaa Bawshar. Kazi nzuri, ulimi mrefu kuliko kazi. Akaandika kwenye grupu la familia: "Watabiri wamefungwa mbili bila."

Tulicheka sote. Mpaka mama.

Kwa pembeni kidogo: kile cha kwanza watu wa kusini kiliwapiga kweli. Na neno lilikuwa "huenda". Sisi tulisikia "lazima", kisha tukawaita watu waongo. Hili nimelifahamu nimeshachelewa.

Mara ya tatu ujumbe wa utabiri kwenye simu ulisema hivi: kimbunga hakifiki Maskati, kitapita mbali, lakini mvua kubwa itanyesha milimani, watu wakae mbali na mawadi. Wadi ni yale mabonde makavu ya mito, kwa msiojua.

Siku hiyo nilikuwa kwao. Harith aliishia kwenye "hakifiki".

"Tatu bila! Twendeni tukatembee."

Na sisi watu wa huku mvua ni rehma. Ukisikia tu milimani kunanyesha, thermos ya kahawa, tende, halwa, watu garini, twende tukaangalie wadi likishuka. Ndo starehe yetu.

Zuwena akamwambia, "Simu imesema tukae mbali na mabonde."

"Simu ndo mumeo?"

"Haya, Mkurugenzi wa Mawingu, twende." Akacheka, akachukua buibui lake.

Tukaenda watatu. Tukavuka wadi kavu, tukakaa ng'ambo chini ya mkunazi. Jua linawaka, mbingu safi. Harith akapiga picha ya mbingu, akaituma kwenye grupu.

Kahawa haijapoa, maji yakaanza. Membamba, rangi ya matope, yanasukuma vijiti.

Zuwena akasema, "Tukae huku huku mpaka yapungue."

Wakuu, pale tulipokuwa palikuwa juu. Palikuwa salama. Nnapakumbuka kila siku.

"Nikwame huku, nichekwe na grupu zima?" Harith kasema. "Maji ya kifundo haya. Shemegi, panda."

Nikapanda. Nyuma, thermos mapajani.

Katikati ya wadi gari ikawa nyepesi kama kopo tupu. Kisha yakaja yale ya milimani yenyewe, na mawe yake. Mimi nilitokea dirishani, nikajikuta nimekumbatia mwamba. Harith akatokea upande wake.

Zuwena walimpata kesho yake, mbali huko chini.

Kwenye matanga Harith alikaa barazani akiwaambia waliokuja kutupa mkono wa pole, "Walisema hakifiki." Watu wanatikisa vichwa. Watabiri wakalaumiwa, wadi likalaumiwa, ikasemwa ni qadar, Mungu ndo kaandika.

Qadar nnaiamini. Lakini Harith pia namjua.

Kimbunga hakikufika Maskati. Mvua ilinyesha milimani. Mawadi yalishuka. Msimu mzima hakuna utabiri uliokuwa sahihi kuliko ule, na ndo huo tulioupuuza tukatoka na halwa.

Sasa hivi likitoka tangazo lolote, hata la sehemu mbali na sisi, wa kwanza kulileta kwenye grupu ni Harith. Hakati neno. Namba ya Zuwena bado imo mle, hakuna aliyethubutu kuitoa, kwa hiyo kila tangazo linafika na kwake.

Sasa ndo anasoma mpaka mwisho.

Nililojifunza: msiupime utabiri kwa yaliyowakosa nyinyi. Alokwambia "huenda" hakukudanganya. Na ujumbe ukija, usiishie kwenye neno unalolipenda.

Najua akina Harith wamo kila familia. Mlompata wenu mkamnyamazisha mapema, andikeni hapa mlimwambia nini. Mimi sikusema kitu. Nilishika thermos.