Mkate na Saumu Nyumbani kwa Mama

Kwaru, kwaru, kwaru. Sauti hiyo bado ninayo masikioni: punje ya kitunguu saumu ikisuguliwa juu ya mkate uliobanikwa ukawa mkavu kama kigae. Aliyesugua alikuwa sista wa Kiitaliano, mpishi wa misheni yetu upande wa Mpwapwa, enzi zile za Mwingereza. Mimi nilikuwa msaidizi wake. Juu ya mkate alipakua biringanya na nyanya alizokaanga na vitunguu, akasema hiyo ndiyo brusketa. Nikiuma tu, kwa mawazo nimeshafika Dodoma mjini, ni mpishi wa hoteli ya karibu na stesheni, na abiria wananisubiri mimi.

Mama hakuwa na habari za stesheni. Alikuwa na shamba la uwele na mikono yake miwili.

"Njoo Jumapili unipikie hicho unachofundishwa," aliniambia. "Kikilika hapa nyumbani, rudi kwa sista wako. Kisipolika, jembe lako lipo."

Jumapili, kwa kutaka kufika na chakula tayari, nilibanika, nikasugua, nikapakua kila kitu kule kule misheni. Nikafunika kwa kitambaa, nikajitwika kapu, nikaenda zangu nikiimba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akafunua kitambaa. Jua na mwendo vilikuwa vimefanya kazi yao. Mkate umekunywa mchuzi wote. "Uji huu wa nani?"

"Si uji, mama. Mkate."

"Meno bado ninayo. Hukuwa na haja ya kunitafunia."

Nikacheka, lakini machozi yakanilenga, maana nililiona jembe pale ukutani. Mama naye akaniona. Akaanza kupekua kapu mwenyewe. "Na hiki je?"

Kilikuwa kipande cha mkate mkavu alichonipa sista nile njiani, na punje mbili za saumu. Nikakibanika kwenye makaa ya mama, nikasugua, kwaru, kwaru. Chunguni mlikuwa na mlenda wa karanga. Nilipochukua upawa niupakue juu ya mkate, mama akanizuia mkono.

"Sisi chakula hatukitwishi mboga. Mboga inakaa chunguni mpaka mlaji awe tayari."

Akamega, akachovya, akatafuna. Mkate ukalia mdomoni mwake. Akamega tena, hakunipa.

"Kinalia kama kuni," alisema hatimaye. "Rudi. Na huyo sista mfundishe kuchovya."

"Na shamba, mama?"

"Shamba nililima kabla hujazaliwa."

Akatoka kwenda kuwatazama mbuzi, akijifuta macho, akisingizia moshi. Nilibaki jikoni peke yangu na punje moja ya saumu. Nyuma ya nyumba, pale mtungi unapodondoshea maji, nikachimba kwa kidole, nikaipanda, nikaifukia vizuri.