Samaki wa Shemeji

Sili kambale. Wateja wangu wa saluni hapa Tunduma wanadhani ni mambo ya dini, na mimi nawaacha wadhani hivyo, maana kueleza ukweli kunanirudishia kichefuchefu. Kambale mwenyewe hana kosa. Ila kila nikimwona kwenye meza ya muuzaji, ndevu zimemlegea, namkumbuka mwanamume aliyetupeleka matembezi ya siku moja kisiwani, na mate yananijaa mdomoni, mate ya kutema.

Mwanamume huyo alitaka kumwoa rafiki yangu. Mimi na rafiki yangu tumekulia Ibaba, kule juu Ileje, nyumba zetu zikitenganishwa na shamba moja la viazi, kisha wote tukaja Tunduma kutafuta maisha, mimi kwa kusuka nywele, yeye kwa cherehani. Miaka ilikuwa imekwenda. Wadogo zake wote walishaolewa, na kila alipokwenda nyumbani aliulizwa maswali ya kumchoma. Basi alipompata huyu muuza vipuri vya malori, mwenye nyumba yake na asiyegusa pombe, aliniambia, "Jumamosi wazee wake wanaleta posa. Mama hayupo, wewe ndiye utakayenitazamia. Mtazame vizuri huyu mtu, usinifiche kitu." Nikamwahidi.

Wazo la kisiwa lilikuwa la mwanamume. Alikuwa ameona kwenye simu vijana waliokwenda kisiwa kimoja cha Malaysia kwa gharama ndogo, asubuhi kwenda, jioni kurudi, maji ya buluu mpaka unaona kucha zako za miguu. "Sisi tunashindwa nini?" alituuliza. "Rukwa si maji? Na kisiwa kipo." Tukapangana wanne: yeye, rafiki yangu, mimi, na mwenzetu mmoja anayeuza vitenge mpakani, mwanamke mcheshi aliyefanya biashara na Wazambia mpaka akishtuka anashtuka kwa Kibemba. Tulijipaka losheni, tukavaa kofia za jua. Mimi nilibeba taulo jeupe, mjinga mimi.

Gari lilipokuja, lilikuwa kirikuu cha kubebea samaki. Lilikuwa linashuka tupu bondeni kufuata mzigo, na shemeji, nilimwita hivyo kwa adabu tu, alikuwa amembembeleza dereva atuchukue. Yeye akakaa mbele. Sisi wanawake tukapandishwa nyuma juu ya matenga matupu, matenga ambayo tangu yasukwe hayajui sabuni. Magamba yalikuwa yamekaukia kila mahali, na mafuta meusi ya samaki wa wiki zilizopita yalikuwa yameganda kwenye mabati. Tulipopita Msangano na kuingia kwenye joto la bonde, mafuta yale yakaanza kuyeyuka na kutuchuruzikia. "Awe mayo!" alisema mwenzetu wa vitenge, amejiziba pua kwa kofia yake. "Hii ndiyo Malaysia?" Rafiki yangu alicheka kuliko utani wenyewe ulivyostahili, kisha akanitazama kuona kama nami nimecheka.

Sikucheka. Kupitia kioo cha nyuma nilikuwa namwona shemeji akichokonoa sikio kwa njiti ya kiberiti, akiikagua kwenye mwanga, halafu akiipeleka kwenye meno. Nikajiambia, mtu haachwi kwa sababu ya njiti. Nilijitahidi sana kuwa mwema siku ile.

Ziwani tulivushwa kwa mtumbwi uliokuwa na maji ndani, na kwenye maji hayo utumbo wa samaki ulikuwa unaelea na kutugusa vifundo vya miguu. Shemeji alitupa kopo tuyachote, yeye akakunja miguu yake juu ya ubao. Kisiwa chenyewe kilikuwa tuta la mchanga wa kijivu lenye vibanda vya matete, kambi ya wavuvi, na samaki waliopasuliwa wameanikwa kila penye nafasi. Utumbo walikuwa wanautupa hapo hapo, unachacha juani, unatembea wenyewe kwa wingi wa funza. Korongo wenye vipara walikuwa wanajipitisha katikati ya watu bila hodi. Ukifungua mdomo kusema neno, unaufunga na inzi ndani. Nilipouliza choo kiko wapi, nilioneshwa upande unakotoka upepo. Nilikwenda, na sitaeleza. Taulo langu jeupe nililiacha huko huko.

Shemeji alifurahi. Alitupanga kupiga picha, akitusogeza huku na huku ili utumbo usionekane, akitwambia tutabasamu, watu watadhani tuko ughaibuni. Kambale aliwapata kwa kubishana bei na wavuvi mpaka wakampa ili aondoke mbele yao. Unga tulikuwa nao, alikuwa ameubeba kutoka Tunduma. Kilichokosekana ni mpishi.

Akapatikana mama mmoja wa makamo, kibanda chake kikifuka moshi. Mimi na rafiki yangu tulikunja magoti kidogo, tukampigia makofi ya taratibu ya kumwamkia, naye akatuitikia kwa Kinamwanga. Shemeji alimuuliza bei. Yule mama akacheka kama mtu aliyeulizwa jambo la aibu. "Unga wenu, samaki wenu," alisema. "Mimi nina moto tu."

Mtu wa kwetu akisikia hivyo hahitaji kufafanuliwa. Ukimpelekea mwanamke chakula chako akupikie, yeye hajitengei kitu jikoni, hata kijiko. Anakomba sufuria mbele ya macho yako, anakupakulia chote, maana ni mali ya mgeni na kujibakizia ni wizi. Kisha anakaa pembeni akusubiri. Wewe mgeni ndiye unayebakiza, tonge la maana na kipande cha maana, na vyombo vikirudi na uzito wake hapo ndipo naye anakula. Hayo ndiyo malipo yake, na hayatajwi. Shemeji ni mtu wa Mbozi, amekulia kwenye kahawa na mahindi, mama yake amepikia wageni. Hakuna la kumfundisha hapo.

Na rafiki yangu ndiye asiyehitaji kufundishwa kuliko wote. Mama yake alikuwa mjane, na wachuuzi wa viazi waliokuja Ibaba na malori walikuwa wanampelekea mchele wao awapikie. Mimi nilikuwa nashinda pale. Tulikuwa tunalala kifudifudi kwenye jamvi jikoni, tunasikiliza. Vyombo vikirudi vizito, tunajua tutakula wali. Vikirudi vyepesi, mama yake anafunua kawa, anachungulia, anafunika tena, anasema tu, "Walikuwa na njaa hao," kisha anatuchomea viazi. Sijawahi kumsikia akimlaumu mtu.

Chakula kikaja. Naomba nikiri kwamba kambale yule alikuwa mtamu, na ndiyo maana kinyaa changu hakinipi raha hata leo. Yule mama alitunawisha, akatuwekea ugali na bakuli kubwa la samaki, akaenda kukaa kwenye moto wake, ametupa mgongo, kama inavyopaswa, ili asionekane anahesabu matonge ya watu. Tulikula. Mwenzetu wa vitenge alikula akipunga inzi kwa mkono mwingine. Rafiki yangu alikula taratibu, anajikunjakunja, anapangapanga kitenge chake mapajani, nikadhani inzi wanamsumbua. Tukaacha kwa heshima zetu: vipande viwili vizuri vya mgongo, na ugali wa kushibisha mtu mzima.

Shemeji akalamba vidole kimoja kimoja, akacheua, akatia mkono mfukoni. Akatoa rambo, ile mifuko iliyopigwa marufuku ambayo Tunduma haikosekani kwa kuwa ng'ambo ni hatua chache tu. Akalikung'uta. Akachukua kipande cha kwanza, akatia. Akachukua cha pili, akatia. Ugali akaufinyanga kwa mkono ule ule aliokuwa akiulamba, nao akatia. Halafu akainua bakuli, akamimina na mchuzi.

"Shemeji," nilimwambia, "hicho ni chake." Nikaonesha kwenye moto kwa kidevu.

"Chake kivipi? Nilimuuliza bei, akasema hakuna." Alikuwa anafunga fundo. "Vitu tumenunua, shemeji. Kesho ni chakula hiki."

Nilihisi samaki niliyemla anapanda. Si kwa kutia chumvi, nilifunga mdomo kwa mkono. Mwenzetu wa vitenge aliangalia ziwani. Rafiki yangu alikusanya vyombo, akavipeleka kwenye moto, nami nikamfuata kwa sababu nisingeweza kubaki mahali pamoja na yule mtu.

Yule mama alipokea bakuli kwa mikono miwili. Niliona mikono yake ikipanda juu kidogo kuliko alivyotarajia, kwa wepesi wa bakuli. Hakuchungulia hata. "Asanteni kwa kula," alisema.

Hapo rafiki yangu akachuchumaa, akafungua ncha ya kitenge chake, na ndani yake, kwenye kipande cha gazeti kilichokunjwa vizuri, kulikuwa na tonge kubwa la ugali na kipande cha samaki. Akamwekea kwenye bakuli, akalifunika, akasimama, akapangusa mikono, akarekebisha kitenge. Ilikuwa imekwisha kabla mwanamume hajageuka. Upesi ule ndio ulionitisha. Gazeti lile hakuliokota kisiwani, alikuwa amelibeba kutoka nyumbani.

Jioni tulirudi kwenye kirikuu kile kile, safari hii matenga yamejaa. Maji ya samaki yalikuwa yanatudondokea, na rambo la shemeji lilikuwa mapajani kwa rafiki yangu, kwa sababu mbele, alisema, lingemchafulia suruali. Fundo lilikuwa linavuja. Mchuzi ulikuwa unaingia kwenye kitenge chake taratibu, naye amelishika kwa mikono miwili.

Tulipoanza kupanda milima na ubaridi ukaanza kuingia, aliniuliza. "Haya. Umemwonaje?"

"Ananitia kinyaa," nilimwambia. "Uliniambia nisikufiche. Ananitia kinyaa kuanzia kucha mpaka utosini."

"Hanipigi. Hanywi. Ana nyumba."

"Ulijuaje kwamba atachukua?"

"Huwa anachukua."

"Kwa hiyo kila mkienda kula kwa watu..."

"Kila mara. Hata kwa shangazi yangu nilifanya hivyo hivyo. Kwa yule mama jirani wa kanisani pia." Alitabasamu kidogo, na ninaapa kulikuwa na majivuno ndani yake, ya fundi anayeijua kazi. "Ni rahisi tu. Unaanza mapema wakati bado ana njaa, haangalii. Hajawahi kunikamata."

Mimi nilikuwa nimeshika tenga ili nisianguke, na nilikuwa na hasira hata na yeye, rafiki yangu, kwa mikono yake ile myepesi. Nilitaka kumtikisa. Nikamuuliza tu, "Hajawahi kukukamata ukifanya nini?"

Aliangalia rambo mapajani. Tulipanda muda mrefu hivyo, yeye anaangalia rambo, mimi namwangalia yeye, mchuzi unadondoka. Taa za malori ya Tunduma zilikuwa zimeanza kuonekana kwenye foleni ya mpakani alipoongea tena, bila kunigeukia.

"Mama yangu alikula makombo ya watu maisha yake yote," alisema. "Lakini hakuwahi kuyaiba."

Kirikuu kiliposimama, shemeji alishuka mbele akijinyoosha, akatuuliza kama tumefurahi. Akamwambia rafiki yangu akaliweke rambo kwenye friji ya mwenye nyumba wake, kesho atapitia kula. Rafiki yangu alishuka kwanza. Akasimama mbele yake, kitenge kimemgandia mapajani, kinanuka, akampa rambo mkononi.

"Chukua samaki wako," alimwambia. "Na wazee wasijisumbue Jumamosi."

Alisema kwa upole, lakini ilisikika vizuri, sote tuliisikia, hata dereva alizima redio. Yule mwanamume alimtazama, akanitazama mimi, akamtazama tena. Kisha aliinama, akafungua fundo, akachungulia ndani kuhakikisha vipande vyote viwili vipo.