Ua la Sumu Dirishani kwa Nyanya

Wewe unayenisikiliza, sogeza kiti upande huu kidogo. Hapo dirishani pana ua, na sipendi mtu akae likimgusa bega kabla sijamweleza. Nimelinunua majuzi hapa Voi, kwa kijana anayeuza miche kando ya barabara kuu, pale malori ya Mombasa yanapopunguza mwendo. Aliliita waridi la jangwani, akasema halina kazi, ni jua tu na maji kidogo. Habari ya utomvu hakuigusa, nami sikumuuliza, maana ua hili nililijua kabla yeye hajazaliwa. Nikalibeba hadi nyumbani nimenyoosha mikono, nimeliweka mbali na uso, na njiani nikatambua kwamba ndivyo alivyolibeba nyanya.

Nyanya alikaa juu milimani, mwendo mfupi kutoka Wundanyi, kwenye nyumba ya matofali iliyonukia moshi wa kuni na maganda ya ndizi. Babu alifanya kazi huku chini, kwenye shamba la mkonge, na kila mwisho wa mwezi alipanda nyumbani na sukari, mafuta ya taa, na chochote kilichompendeza njiani. Safari moja kikawa kimti kifupi alichokichimbua nyikani katikati ya mawe. Shina lilikuwa limevimba chini kama chupa, majani machache juu, na maua mekundu kuliko kitu chochote ndani ya nyumba ile. Mwaka uliofuata babu alifariki. Ua likabaki.

Sasa fikiria taabu yake. Ua la nyika, lililozoea kuchomwa na jua kutwa nzima, limeletwa kwenye mlima wa ukungu. Nje lingeoza. Kwa hiyo nyanya aliliweka ndani, kwenye debe alilolitoboa chini, mchanga wa mtoni mwingi kuliko udongo. Asubuhi debe lilikaa dirisha la mashariki. Jua likivuka paa, nyanya alilihamishia dirisha la magharibi. Msimu wa baridi jua lilichungulia kidogo tu, na nyanya aliweza kuacha maharagwe yakiungua jikoni ili kuliwahi. Hakulimwagia maji mpaka achomeke kijiti mchangani na kitoke kikavu. Sisi wajukuu tulilionea huruma, tukawa tunataka kulinywesha kwa siri.

"Hili halifi kwa kiu," alituambia. "Linakufa kwa huruma yenu."

Halafu kulikuwa na yale mengine. Akiligusa, alinawa mikono kwa kipande cha sabuni ambacho hakikutumika kwa kazi nyingine, kwenye karai lililokaa peke yake chini ya benchi. Kisu cha kulipogolea hakikuingia jikoni. Matawi aliyokata aliyazika nyuma ya choo, akakanyaga udongo kwa mguu, akatazama huku na huku kama kuna mbuzi karibu. Sisi tulijua anatafuta mbuzi. Mtu aliyepita njiani aliona mama mjane anazika kitu, kisha anatazama nani amemwona.

Dirisha la mashariki lilielekea nyumba ya wifi yake, dada wa babu, ambaye sisi tulimwita Shangazi kama alivyomwita baba. Mwanzoni alikuwa akitania tu, akipita na mtungi wake.

"Wifi, leo umenielekezea tena ua lako."

"Nimelielekeza juani."

"Na jua ni langu?"

"Linatokea kwako, wifi. Nifanyeje?"

Wote wawili walicheka, lakini nilianza kuona kwamba Shangazi akicheka hakuwa akimtazama nyanya. Alitazama debe. Kisha mbuzi wake mmoja akafa. Aliamka mzima, jioni miguu ikamkatika, akalala. Hakuna aliyempasua kuona, na mpaka leo sijui kilichomuua. Ninachojua ni kwamba watu wa mlimani walikuwa na habari za wawindaji wa zamani wa nyikani, waliochemsha utomvu wa mti kama ule wakapaka mishale. Tangu siku ile, Shangazi akija kwetu alisimama mlangoni. Akipewa chai alisema imemzidi moto, akaiweka chini, akaisahau. Nami, kusema kweli, nilianza kumtazama nyanya mikono. Nilihesabu akilini: ameligusa, amenawa, ameshika mwiko. Je, amenawa vizuri?

Nyanya alikuwa kwenye kikundi cha akina mama wa kanisa, pamoja na Shangazi. Walizunguka nyumba kwa nyumba, wakisali, wakilimiana matuta, kisha wakila kwa mwenye zamu. Kula ndiko kulikoshika kikundi. Mama ambaye chakula chake hakiliwi hakuja mtu kumlimia, na akiugua hakuja mtu kumchotea maji. Nyanya alikuwa peke yake na wajukuu, na shamba lake lilikuwa la mteremko mkali. Kwa hiyo zamu yake ilipofika aliamka mapema, akapika kimanga, yaani mihogo na maharagwe, akaviponda hadi vikalainika, na harufu ikafika hadi njiani.

Walikuja wote. Walisali, walilima, walinawa, walikaa. Sahani zikapakuliwa, na hapo ndipo tumbo la mmoja lilipoanza kumsumbua. Wa pili alikumbuka kwamba amefunga. Wa tatu alikuwa ametoka kula kwake, ameshiba sana, nyanya asione vibaya. Kimanga kilikaa kwenye sahani kikipoa, kikifanya ngozi juu.

Nyanya alifuta mikono kwenye leso. "Ni chakula changu," akauliza, "au ni ua langu?"

Shangazi ndiye aliyejibu.

"Wifi, mtu hanawi mikono namna ile bila sababu."

"Sababu ipo. Utomvu wake ni sumu. Ukiingia jichoni utalia siku nzima, ukiingia tumboni ni mbaya zaidi. Ndiyo maana nanawa."

"Mmesikia?" Shangazi akawageukia wenzake. "Amesema mwenyewe."

Nilitamani nyanya angekanusha. Maelezo yake yalikuwa ya kweli yote, na kila neno lilimzamisha. Mmoja akasema basi ua litolewe leo leo. Nyanya akakubali. "Lichukueni. Nani analibeba?" Hakuna aliyesogea. Mwingine akashauri litupwe bondeni, na mwenye shamba la bondeni akaruka: "Bondeni kwa nani? Mbuzi wangu wanakunywa pale." Lichomwe? Moshi utaelekea wapi? Lizikwe? Katika shamba la nani? Walibishana mpaka ikaonekana wazi kwamba mahali salama pa kuliweka ua lile, katika kijiji kizima, ni pale lilipokuwa, na mtu wa kulishika ni yule yule aliyejua kulishika.

Mama mmoja alicheka kidogo, akaziba mdomo. Nyanya hakucheka. Alikaa mbele ya sahani yake, akachukua tonge, akalila, akaendelea kula huku tunamtazama. Shangazi alimfuata kwa macho matonge matatu, manne. Kisha akainuka, akachukua sahani ya nyanya ile iliyokwisha kuliwa nusu, akamwekea yake iliyojaa.

"Nipe hii," alisema. "Wewe kula hiyo yangu."

Lilikuwa tusi, na kila mtu alilielewa. Nyanya aliitazama sahani mpya. Angeweza kukasirika, na wengi wangemwunga mkono. Alisema tu, "Umepata hasara, wifi. Mimi nimeongezewa." Akala. Shangazi naye akala. Wenzao walipoona hivyo, yule mwenye tumbo akapata nafuu, na mwenye kufunga akafungua.

Usidhani shaka iliisha siku hiyo. Kwa miaka yote ninayoikumbuka, Shangazi akila kwetu alibadilisha sahani. Hata ugali na sukuma wiki, hata kikombe cha chai. Lakini alikula, na matuta ya nyanya yakalimwa. Baadaye nyanya akawa anajipakulia nyama nzuri sahani yake mwenyewe, akijua itakwenda wapi. Na msimu mmoja wa baridi, nyanya alipolala na homa, nilimkuta Shangazi ndani ya nyumba akilisogeza debe dirisha la magharibi, amefunga leso puani kama daktari wa mifugo. Alipomaliza akaliendea lile karai. Alinawa muda mrefu kuliko nyanya.

Wote wawili wameondoka. Nyumba ina mabati mapya na wapangaji, na kikundi, nasikia, sasa hukutana kanisani na kila mtu huja na chakula chake kwenye kontena. Hapa ninapopanga, jirani yangu wa ukuta mmoja hajui niamkapo wala nilalapo. Hajaniuliza ua hili linamwelekea nani. Kushukiwa kule kulimuumiza nyanya, niliona usoni mwake. Lakini ili umshuku mtu hivyo, ulihitaji kujua kipande chake cha sabuni kinakaa wapi.

Kwa hiyo usiogope kufuga ua hili. Ni rahisi kuliko linavyosemwa. Lipe dirisha lenye jua kali kuliko yote, mchanga unaopitisha maji, na uwe na subira kabla ya kuinua kopo la maji. Bonyeza shina mara moja moja: likiwa gumu, liache, likiwa laini, umelizamisha, punguza maji. Liinue juu, mbali na watoto na wanyama, na uvae glavu ukilipogoa. Mambo hayo nyanya aliyafanya yote. Moja tu alichelewa kulifanya, nawe lifanye mapema: mgeni akiingia, kabla hujampa chai, mwonyeshe ua, mwambie kwamba utomvu wake ni sumu, kisha mwonyeshe unaponawia mikono.